Chemsha mara moja, ule mara tano: maharage ya kuweka kwenye friza

Kilo 2 za maharage makavu zikiiva hufika karibu kilo 5. Kwa familia ya watu sita wanaokula na wali au ugali, kilo 1 ya yaliyoiva ni mboga ya mlo mmoja, kwa hiyo ukichemsha Jumapili umepata milo mitano. Jambo la kushika ni hili: gandisha maharage matupu, bila kitunguu, chumvi wala nazi, uyaunge siku ya kula. Yakigandishwa yakiwa yameshaungwa, familia itakula ladha ileile mara tano, na tui litakuwa limekatika.

Nunua maharage ya msimu huu, ya aina moja. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata uchemshe saa tatu, na ukiyachanganya na mapya, mapya yatapasuka kabla ya wenzake kulainika. Chambua kwenye ungo, osha, kisha loweka saa 8 hadi 12 katika maji mara tatu ya ujazo wake. Mahali pa joto kama Dar es Salaam au Mombasa maji huanza kuchacha kabla hakujakucha. Weka chombo kwenye friji, au badilisha maji kabla ya kulala. Asubuhi mwaga maji hayo yote.

Tia maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole vitatu. Yatokote kwa moto mkali dakika 10 kamili. Dakika hizi usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili iitwayo lektini, inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Baadaye punguza moto, funika nusu, uache dakika 60 hadi 90. Maji yakipungua ongeza ya moto. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju hapa, kwa kuwa uchachu hufanya maharage yabaki magumu. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi mboga huwa na ladha ya sabuni. Ni bora kuongeza muda wa kuloweka.

Epua punje inapopondeka kwa vidole viwili huku ganda lake likiwa zima. Ukingoja ziive kupita hapo, siku ya kuunga utapata uji.

Kwenye kupoza ndipo wengi wanapoharibu. Sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo ndio vijidudu wanaoupenda. Gawa maharage kwenye sinia au mabakuli mapana, yaweke juu ya beseni la maji baridi, uyakoroge mara kwa mara; ndani ya saa mbili yawe kwenye friji. Yakishapoa, jaza kilo moja moja kwenye makopo yenye mfuniko, mimina maji yake ya kuchemshia hadi yafunike punje (zisipofunikwa hukauka na kuwa ngumu), acha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Andika tarehe. Yapange friza yakiwa yameachana ili yagande haraka, na uyamalize ndani ya miezi mitatu.

Siku ya kupika, pitisha kopo kwenye maji ya bomba hadi donge liachie. Kaanga kitunguu 1 kikubwa katika vijiko 3 vya mafuta, tia vitunguu saumu punje 3 vilivyopondwa, kisha nyanya 3, hadi mafuta yajitenge. Tia donge la maharage na vikombe 2 vya tui jepesi, funika kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Tia chumvi, halafu tui zito kikombe 1. Kuanzia hapo usifunike, koroga upande mmoja, epua linapoanza kutokota. Likichemka kwa nguvu linakatika.

Kesho yake kopo jingine liwe kande pamoja na mahindi yaliyokobolewa, ambayo huchemshwa na kugandishwa kwa njia hiyohiyo. Nazi iliyokunwa nayo hukaa vizuri friza: funga ya nazi moja moja, kisha ikamue kwa maji ya uvuguvugu. Ni afadhali kuliko kugandisha tui lenyewe. Viazi mbatata usigandishe vikiwa ndani ya mboga, hugeuka chengachenga.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuchungulia. Iliyojaa hutunza baridi karibu saa 48, iliyo nusu karibu saa 24, ndiyo maana nafasi tupu inafaa kujazwa chupa za maji. Umeme ukirudi, makopo ambayo bado yana barafu ndani yarudishe yagande au uyapike siku hiyohiyo. Yaliyoyeyuka na kukaa bila baridi zaidi ya saa mbili mwaga, hata kama hayanuki.