Mgonjwa katoka thieta anapumua kidogo kidogo: doksapramu unaichoma lini na unaichomaje

Hii nawaandikia wadogo zangu mnaokaa rikava (chumba cha kuamkia baada ya upasuaji), manesi na wanafunzi wa usingizi, maana swali la doksapramu, dawa ya sindano ya kuchochea upumuaji, halikauki na majibu mengi ninayoyaona ni ya aina ya "choma ampuli moja ataamka tu", na hapana, haiko hivyo. Kama wewe ni ndugu wa mgonjwa umepita tu, soma ujue wanachofanya mle ndani, ila hii sio dawa ya kununua ukakae nayo nyumbani.

Kwanza ujue inafanyaje kazi. Pale shingoni kwenye mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani kuna vipokezi vinavyopima oksijeni kwenye damu, doksapramu inavichokoza hivyo, navyo vinapeleka taarifa kwenye ubongo kwamba hewa haitoshi, basi mgonjwa anaanza kuvuta pumzi kubwa na kasi nayo inapanda kidogo. Ukiongeza dozi inagusa kituo cha upumuaji chenyewe kwenye ubongo, ukizidisha tena inachokoza ubongo wote na hapo ndo degedege linapoingia. Inaanza ndani ya sekunde 20 mpaka 40, kilele ni dakika 1 au 2, na baada ya dakika 5 mpaka 12 imeshaisha. Hizi dakika zikariri kabisa, maana mofini au gesi ya usingizi uliyompa mgonjwa haiishi kwa dakika 12, kwahiyo doksapramu inakununulia muda tu, haiondoi chochote kilichomlaza.

Sasa mgonjwa yuko mbele yako, pumzi 6 kwa dakika. Usikimbilie kabati la dawa. Mvute taya mbele, muinue kidevu, mnyonye kwa sakshen kama kuna mate au damu, oksijeni kwa maski, na kama haitoshi shika ambubegi (mfuko wa kuminya hewa kwa mkono) umpulizie. Asilimia kubwa ya "hapumui" za rikava ni ulimi umerudi nyuma umeziba njia, na hao doksapramu haiwasaidii kabisa, tena inawaumiza maana unamlazimisha mtu avute kwa nguvu dhidi ya mlango uliofungwa. Halafu hesabu pumzi dakika nzima kwa macho yako ukiangalia kifua, usitegemee oksimita (kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni) peke yake, mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaweza kukuonyesha 98 huku kaboni dayoksaidi inajaa kwenye damu na yeye anazidi kusinzia.

Ukishahakikisha njia ya hewa iko wazi jiulize kwanini hapumui, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo, dawa ni sehemu ndogo tu. Mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, pumzi chache lakini ndefu, na kwenye chati kuna dawa kali za maumivu kama pethidini, mofini au fentanili, huyo anahitaji naloksoni, dawa ya kuzipinga hizo, choma mikrogramu 100 hadi 200 kwenye mshipa, subiri dakika 2 au 3, angalia, rudia kidogo kidogo, usimmwagie ampuli yote kwa pamoja maana maumivu yote ya upasuaji yatarudi kwa mkupuo na presha itapaa. Na kumbuka naloksoni nayo inaisha mapema kuliko mofini, kwahiyo baada ya saa moja hivi anaweza kulala tena.

Kama badala yake anarukaruka vipumzi vifupi, mikono inatetema, anajaribu kuinua kichwa kinaanguka, macho ya woga, huyo dawa ya kulegeza misuli haijamtoka. Huyu anahitaji neostigmini ya kumrudishia nguvu ya misuli, pamoja na atropini, sio doksapramu. Nasisitiza hapa maana ndo kosa baya kuliko yote, ukimpa doksapramu mtu ambaye misuli imelegea unamwambia ubongo wake "pumua!" na misuli haina uwezo, anabaki macho amepanik hawezi hata kupiga kelele. Mwambie ainue kichwa ashikilie sekunde 5, asipoweza piga simu kwa daktari wa usingizi na endelea kumsaidia na ambubegi. Waliopigwa dawa za kutuliza kama midazolamu au diazepamu nyingi wana dawa yao ya kuzipinga, flumazenili, na ganzi ya mgongo iliyopanda juu sana nayo haina uhusiano na doksapramu, huyo ni kumpulizia na kushikilia presha mpaka ganzi ishuke.

Sasa anayebaki ni nani? Ni yule ambaye njia ya hewa iko wazi, misuli ina nguvu, gesi ndo bado inamlemea au dawa za maumivu zimemfanya mvivu wa kupumua na hutaki kumwondolea nafuu ya maumivu kwa naloksoni. Huyo ndo wa doksapramu, na hata huyo uliza kwanza: ana kifafa? presha kali? aliwahi kupata stroku, ameumia kichwa, ana ugonjwa wa mishipa ya moyo, tezi ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja acha, mpulizie kwa ambubegi asubiri gesi itoke yenyewe, hakuna aibu yoyote. Na kama thieta yenu bado mnatumia halotheni, ile gesi ya usingizi ya zamani, subiri angalau dakika 10 tangu ifungwe, maana doksapramu inapandisha adrenalini na moyo uliokaa kwenye halotheni ukikutana na adrenalini unaanza kupiga ovyo.

Dozi. Ampuli kwa kawaida ni ml 5 yenye mg 100, yaani mg 20 kila ml, ila soma lebo kila mara. Unaanza na mg 0.5 hadi 1 kwa kila kilo, kwahiyo mtu wa kilo 60 ni mg 30 hadi 60, ambayo ni ml 1.5 hadi 3. Ona sasa, ile "ampuli nzima" ya watu kwa mama wa kilo 50 ni mg 2 kwa kilo, umeshagonga dari kwa sindano moja! Choma polepole kwenye kanula (kale kamrija ka mshipani) inayopita vizuri, angalau sekunde 30, ikitoka nje ya mshipa inachoma nyama na mshipa unavimba. Ukirudia ni baada ya dakika 5, na jumla isizidi mg 2 kwa kilo. Vipeperushi vya Marekani na Uingereza havifanani kwenye kurudia, kwahiyo fuata kilichoko kwenye boksi lenu na protokali ya hospitali.

Wengine wanaweka kwenye drip, mg 250 ndani ya ml 250 za dekstrosi 5% au salaini ili kila ml iwe na mg 1, unaanza kama mg 5 kwa dakika, akishaanza kupumua vizuri unashuka mpaka kwenye mg 1 hadi 3 kwa dakika. Kwa drip ya matone 20 kwa ml hiyo ni matone 100 kwa dakika, halafu unashusha mpaka matone 20 hadi 60, na kwa drip jumla mwisho ni mg 4 kwa kilo. Usiichanganye na thiopentoni, aminofilini, frusemaidi wala sodiamu baikaboneti kwenye laini moja, inaganda.

Oksijeni iendelee muda wote, kwasababu misuli inayofanya kazi zaidi inakula oksijeni zaidi. Presha na mapigo vitapanda, atatoka jasho, uso utakuwa mwekundu kwa mtu mweupe, na wengine wanalalamika joto la ajabu huko chini sehemu za siri, msishtuke wala msicheke, ni dawa. Ukiona misuli inaanza kucheza au anakakamaa, simamisha hapohapo na uwe na diazepamu karibu ya kuzuia degedege. Watoto wadogo msiwaguse nayo bila daktari wa usingizi mwenyewe, kuna matoleo yana benzili alkoholi ambayo ni sumu kwa vichanga.

Baada ya hapo unakaa naye. Sio kwenda kunywa chai. Nusu saa hadi saa nzima tangu dozi ya mwisho, akiwa macho kabisa, anakohoa mwenyewe, anakujibu, na kwenye faili unaandika muda wa sindano, mg ngapi, pumzi kabla na pumzi baada ya dakika 1, 5 na 15. Nesi wa wodini anapokuja kumchukua mwambie kwa mdomo kwamba huyu alichomwa doksapramu saa ngapi na alipewa mofini kiasi gani, ili usiku asije akaongezewa pethidini na mtu ambaye hajui.