Kufunga mzigo ndani ya Hiace, kutoka Mkoani hadi Wete, Pemba

Mzigo hauna breki. Ukikanyaga, gari inapunguza mwendo, lakini gunia lililoko nyuma yako linaendelea na safari mpaka likutane na kitu. Kwenye Hiace isiyo na ukuta nyuma ya viti, kitu hicho ni mgongo wako.

Mie nilifundishwa na dumu la mafuta ya kula la lita 20, kama kilo 18 hivi. Nililiacha peke yake karibu na mlango wa nyuma, nikaliona dogo. Kwenye mteremko mbuzi akakatisha njia, nikakanyaga, dumu likaja mbio sakafuni likapinda chuma cha kiti cha utingo wangu. Mguu wake ulikuwa shubiri moja tu pembeni.

1. Sakafu kwanza. Fagia mchanga, kausha maji. Ikiwa asubuhi ulibeba samaki na barafu, usipakie mpaka pakauke kabisa. Tandika mpira, hata vipande vya tyubu kuukuu vinasaidia mzigo kung'ang'ania.

2. Jua uzito. Mifuko 10 ya saruji ni kilo 500. Ongeza wewe na utingo, kisha linganisha na uwezo wa gari yako. Hamali wa bandarini watapakia chochote unachowaambia, kwa hiyo hesabu ni yako.

3. Vizito chini, mbele, katikati. Hapa ndipo pa kutumia muda. Saruji ilale sakafuni, igusane na ukuta au na mbao nene uliyoiweka kukinga viti, na igawanywe sawa kushoto na kulia. Vyepesi vikae juu yake. Nafasi tupu ndiyo adui: ukiacha upana wa kiganja kati ya mzigo na ukuta, mzigo unapata pa kuanzia mbio. Jaza kwa mbao, magunia matupu, hata tairi la akiba.

4. Funga. Kanuni za Ulaya zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni na nyuma asilimia 50. Kwa saruji yetu ya kilo 500, mbele peke yake ni kama kilo 400. Kamba ya kuanikia nguo haiwezi kazi hiyo. Tafuta mkanda wa kukazia, ule wenye mkono wa chuma.

Pitisha ncha ya mkanda kwenye mwanya wa kigurudumu chake, vuta kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe, ndipo upige mkono wa chuma. Unataka mizunguko miwili au mitatu tu. Ikijaa zaidi, meno yanakwama, na maana yake hukuvuta vya kutosha mwanzoni. Mkanda ulale bapa, usijisokote. Unapopita kwenye ukingo wa bati, weka boksi lililokunjwa, la sivyo utakatika.

Angalia pia pembe. Mkanda unaokaribia kusimama wima unakandamiza vizuri. Uliolala kwa digrii 30 kutoka sakafuni unakandamiza nusu tu. Na usifunge kwenye kishikio cha mlango wala bomba la kiti. Gari ikiwa haina pete za sakafuni, fundi azifunge kwa bolti, chini aweke bamba la chuma, na kabla ya kutoboa achungulie mabomba ya mafuta na nyaya.

Mitungi ya gesi isimame, koki juu, kila mmoja umefungwa, na dirisha wazi.

5. Sukuma. Weka mabega, sukuma mzigo kwa nguvu zako zote. Ukicheza, rudi hatua ya nne.

6. Simama njiani. Magunia hushuka yakitikisika, hasa ya karafuu, na mkanda uliokaza Mkoani unalegea. Mie husimama Mtambile, naukandamiza kwa kiganja, nakaza tena. Ukitoka Chake Chake kuelekea Wete, zile kona na milima zinataka mwendo wa taratibu: kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nguvu inayosukuma mzigo kwenye kona ileile inakuwa mara nne.

7. Kushusha. Fungua mlango wa nyuma kidogo tu, ukiwa umesimama pembeni yake, na uangalie kwanza kama kuna kilichoegemea.