Fosforasi Ibaki Shambani, Isiende Mtoni

Naitrojeni huyeyuka ikazama na maji. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, hasa mfinyanzi mwekundu wenye chuma, kwa hiyo huondoka na udongo. Mvua hubeba kwanza chembe laini, ndizo zenye mbolea nyingi. Mchanga unabaki kwako. Chembe hizo zikifika bwawani mwani hustawi, kisha ukioza humaliza oksijeni na samaki hufa.

Hatua ya 1: Pima. Chota udongo sehemu 10 hadi 15, kina sentimita 20, changanya, toa nusu kilo, anika kivulini, peleka TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, Mbeya. Ndoo iliyobeba mbolea huharibu majibu. pH (kipimo cha tindikali) ikiwa chini ya 5.5, anza na chokaa. Bila hiyo DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) nyingi itafungwa tu na udongo.

Hatua ya 2: Fukia. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ni mashimo kama 9,000 kwa ekari. Mfuko mmoja wa DAP, kilo 50, unatoa gramu tano na nusu kwa shimo, karibu kifuniko cha soda. Weka mbolea, funika kwa udongo sentimita 5, ndipo mbegu. Zikigusana mbegu inaungua. Ya kumwaga juu huondoka na mvua kubwa ya kwanza.

Hatua ya 3: Kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko. Kuipima, funga fremu A kwa miti miwili ya mita 2, mti wa kukatiza, na kamba yenye jiwe. Weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati yake ndiyo usawa. Wengi huruka kugeuza, kontua ikapinda. Matuta ya viazi yanayoshuka na mteremko, kama mengi ya milima ya Uporoto, ni mifereji tu, hata uyapambe vipi.

Hatua ya 4: Nyasi. Majani ya tembo juu ya kila kontua, ukanda wa mita moja. Kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru kingo ndani ya mita 60.

Maswali ya wanachama

*Bwana shamba, tuta la kontua likituamisha maji, viazi si vitaoza?*
Vitaoza. Liinamishe nusu mita kwa kila mita 100, mwisho wake uwe mfereji wenye nyasi.

*Samadi je, nayo inachafua?*
Ndiyo. Fukia mapema, rundo lisikae karibu na kijito. Ukijaza samadi, punguza DAP.

*Minjingu (mbolea ya mawe ya fosfeti) na chokaa pamoja?*
Hapana. Minjingu huyeyushwa na tindikali ya udongo, na chokaa huondoa tindikali hiyo. Chagua kimoja kwa msimu.