Jinsi ya Kutambua Sarafu ya Zamani na Kukadiria Thamani Yake

Anayeokota au kurithi sarafu ya zamani huuliza bei kabla ya jambo lingine lolote. Swali hilo huja mwisho. Kwanza ijulikane sarafu ni ipi, pili kama ni halisi, tatu iko katika hali gani. Ukiruka hatua moja, bei utakayopata itakuwa ya sarafu nyingine kabisa.

Andaa mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (chombo cha kupimia kipenyo na unene), lenzi inayokuza mara 10, sumaku, glasi ya maji, uzi mwembamba, taa ya mezani na kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikianguka isigongwe.

Kabla ya yote: usiisafishe

Magadi, siki, limau, dawa ya meno na kitambaa cha kung'arishia vyuma vimeharibu sarafu nyingi kuliko kutu. Kila msuguo huacha mikwaruzo midogo mno, ambayo mnunuzi mzoefu huiona mara tu anapoigeuza sarafu chini ya taa. Utando wa rangi ya kijivu, kahawia au samawati uliojijenga kwa miaka mingi ni sehemu ya ushahidi wa umri wake, na wakusanyaji huulipia. Ishike kwa ukingo tu, kamwe usiguse nyuso zake, kwani jasho la vidole hula shaba.

Kuna jambo moja tu la kuondoa: ute wa kijani unaonata, unaotokana na mifuko ya plastiki ya PVC. Ilaze sarafu kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha glasi, kisha uitoe na kuiacha ikauke bila kuifuta. Asetoni huwaka haraka, kwa hiyo fanya kazi hiyo mbali na moto na penye hewa ya kutosha.

Hatua ya 1: Soma kilichoandikwa

Nakili kila herufi ya pande zote mbili, pamoja na zile ndogo zilizo chini ya picha. Mara nyingi herufi hizo ni alama ya kiwanda kilichopiga sarafu. Kwenye sarafu za Marekani, S ni San Francisco, D ni Denver na CC ni Carson City. Kwenye rupia za Afrika Mashariki ya Kijerumani, A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora, ambako sarafu zilipigwa mwaka 1916 wakati wa vita.

Mwaka ulioandikwa unaweza kuwa wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Pesa ya shaba ya Zanzibar yenye mwaka 1299, ya enzi za Sultani Barghash, ni ya mwaka 1882.

Mwaka pia unaweza kupotosha. Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini viwanda vya Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko viliendelea kuipiga kwa mwaka huohuo hadi karne ya 20. Iliyopigwa baadaye ina thamani inayokaribia ile ya madini yake tu. Ili kuzitofautisha, linganisha lulu za kishikizo begani, manyoya ya mkia wa tai na umbo la herufi, moja baada ya nyingine, na picha za katalogi, yaani kitabu cha orodha ya sarafu.

Hatua ya 2: Pima

Pima uzito, kipenyo na unene, kisha linganisha na vipimo vya katalogi. Dola ya Morgan ya Marekani ina gramu 26.73 na milimita 38.1, paundi ya dhahabu ya Uingereza, sovereign, ina gramu 7.98 na milimita 22. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo. Haiongezeki.

Sumaku hutoa jibu nusu. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi. Chuma na nikeli tupu huvutwa. Lakini risasi, bati na shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na nikeli) pia hazivutwi, kwa hiyo kutovutwa hakuthibitishi kitu.

Kipimo chenye nguvu ni msongamano. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kuta wala kitako. Gawa uzito wake mkavu kwa namba inayoonekana. Dola ya Morgan, yenye fedha asilimia 90, itasoma karibu 2.6, na jibu ni takriban 10.3. Dhahabu ya sovereign hutoa takriban 17.6. Mapovu yaliyoganda juu ya sarafu hushusha jibu, basi yatikise yatoke. Kwa sarafu ya gramu 2 usikiamini sana kipimo hiki: kosa la gramu 0.01 tu hubadilisha jibu kwa karibu asilimia 5.

Hatua ya 3: Tafuta dalili za kughushi

Sarafu halisi za viwanda vya kisasa hupigwa kwa mihuri, hazimiminwi. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo, herufi zenye kingo za mviringo na wakati mwingine mshono kwenye ukingo. Kagua vijino vya ukingo vyote, kwani waghushi wengi huzembea hapo. Kwa sarafu ambayo thamani yake yote iko kwenye alama ya kiwanda, kama dola ya Morgan ya 1893 yenye S, chunguza kwa lenzi kama herufi imebandikwa: mzunguko wake utakuwa na mstari au rangi tofauti.

Hatua ya 4: Hali yake

Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, ambapo 70 ni hali bora kabisa, kilichotokana na kazi ya mkusanyaji wa Marekani William Sheldon ya mwaka 1949. Angalia sehemu zilizoinuka zaidi: shavu, nywele juu ya sikio, kifua cha tai. Geuza sarafu polepole chini ya taa. Ikiwa mng'ao unazunguka bila kukatika hata juu ya sehemu hizo, huenda haijawahi kutumika. Tundu, alama ya kuchomelewa kishaufu au kusafishwa huiondoa kwenye kundi la kawaida hata kama picha ni safi.

Hatua ya 5: Bei

Umri peke yake hauleti bei. Sarafu nyingi za shaba za Roma za karne ya 4 ni nafuu kwa sababu zimechimbuliwa kwa wingi. Hata idadi iliyopigwa haitoshi: dola 20 za dhahabu za Marekani za 1933 zilipigwa 445,500, karibu zote zikayeyushwa, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Tafuta idadi iliyobaki na idadi ya wanaoitaka.

Anzia chini: uzito ukizidishwa kwa kiwango cha madini safi na bei ya siku. Kisha tafuta mauzo yaliyokamilika ya mwaka uleule, alama ileile na hali ileile, matatu au zaidi, uchukue ya katikati. Bei anazotaja muuzaji kwenye tangazo si ushahidi. Angalia pia kama bei ya mnada imejumuisha ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufikia asilimia 20, na utarajie mfanyabiashara kukupa chini ya hapo kwa kuwa naye atauza. Ikiwa makadirio yako yanazidi kwa mbali gharama ya uhakiki, ipeleke kwa kampuni za kuhakiki sarafu, PCGS au NGC, ikahakikiwe na kufungwa kwenye kasha kabla ya kuiuza.