Somo: Kufanya kategoria mbili ziwe mbadala kwenye WooCommerce

Mteja akikuta balbu anayoitaka imeisha, anatakiwa aione hapo hapo nyingine itakayoingia kwenye holda yake. Asipoiona anahamia duka jingine. WooCommerce, programu ya kuendesha duka la mtandaoni ndani ya WordPress, yenyewe haina kitufe cha kusema kategoria hii ni mbadala wa ile. Kiungo huwekwa bidhaa kwa bidhaa, kwenye kichupo cha Linked Products. Ila kwa faili la CSV (jedwali la maandishi linalofunguka hata kwenye Excel) unaunganisha kategoria nzima kwa mkupuo mmoja. Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya umeme.

Hatua ya 1: Gawa kategoria. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. "Balbu za LED" ni kategoria pana mno. E27 ni ya skrubu, kipenyo milimita 27. B22 ni ya pini mbili, milimita 22. Haziingiliani kabisa, na nyumba zetu zina zote mbili. Ukimpendekezea mwenye holda ya pini balbu ya skrubu, umemrudisha dukani na hasira.

Halafu angalia mwanga. Linganisha lumeni (kipimo cha mwanga), si wati (kipimo cha umeme unaotumika): LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Kwa hiyo "E27, lumeni 800, nyeupe" mbadala wake ni "E27, lumeni 800, njano". Usivuke hapo.

Hatua ya 2: Toa faili. Nenda Products, bonyeza Export, chagua kategoria ya kwanza. Kwenye safu chagua ID (namba ambayo WooCommerce huipa bidhaa), SKU (msimbo wako wa bidhaa) na Upsells (bidhaa zinazopendekezwa kwenye ukurasa wa bidhaa) tu. Ukibeba na safu ya bei, siku ya kurudisha faili utafuta bei mpya kwa ya zamani. Rudia kwa kategoria ya pili, na nakala za faili zote mbili ziweke pembeni.

Hatua ya 3: Jaza. Kwenye safu ya Upsells ya kila balbu nyeupe, andika SKU za balbu za njano, ukizitenganisha kwa mkato: LED-E27-9W-NJ, LED-E27-10W-NJ. Tatu au nne zinatosha.

Hatua ya 4: Rudisha. Bonyeza Import, weka tiki kwenye Update existing products. Bila tiki hiyo bidhaa zilizopo zinarukwa, hakuna kinachobadilika. Ukimaliza, fungua ukurasa wa balbu moja uhakikishe mbadala zinaonekana.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeunganisha nyeupe kwenda njano, mbona kwenye njano hakuna kitu?*
Kiungo kinakwenda upande mmoja tu, ndugu. Jaza na faili la njano kurudi nyeupe, kisha liingize nalo.

*Cross-sells je, haifai?*
Hiyo hutokea kwenye kikapu, mteja akiwa ameshachagua. Weka huko vitu vya kuandamana na balbu, kama holda au swichi. Mbadala akae Upsells.

*SKU zangu zinaanza na sifuri. Nikifungua faili kwenye Excel sifuri zinapotea, viungo havishiki.*
Excel inazisoma kama namba. Usilifungue faili kwa kulibofya; liingize kupitia menyu ya Data, na safu za SKU na Upsells uzitangaze kuwa maandishi. Au tumia ID badala ya SKU: andika id:245, mkato, id:246.