Kukimbia, kupiga adungu na bado ukubalike nyumbani: mambo ya mtu wa stoo

Mimi kazi yangu ni stoo. Nakaa na leja pale Industrial Area Kampala asubuhi mpaka jioni, misumari imeingia katoni ngapi, saruji imetoka mifuko ngapi, na jioni hesabu lazima zikubaliane la sivyo huendi nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu karibu yote nitakayosema hapa nimeyatoa kwenye leja, sio kwa kocha, kocha sina. Nina mke, watoto watatu, nyumba ya kupanga Kireka, mbio za kilomita 21 kila Novemba, na adungu moja, yaani kinubi cha nyuzi tisa, ambayo nilifundishwa na mzee mmoja wa Nebbi wakati baba bado ni askari na sisi tunakaa kambini. Watu wananiuliza masaa unapata wapi wewe? Sipati. Unachukua kwa mtu.

Hilo lielewe kabla hata hujaenda kununua viatu. Ukiwa barabarani alfajiri saa nzima, kuna mtu amebaki na mtoto anayelia, anatafuta soksi ya pili, anakoroga uji huku mwingine anasema hataki shule. Stoo kwangu kitu hakitoki bila mtu kusaini, lakini mimi miaka miwili ya mwanzo nilikuwa natoa masaa ya nyumba bila saini ya mtu yeyote, halafu najiona shujaa eti nimeamka mapema.

Siku niliyoshikwa ilikuwa Jumapili. Nimetoka alfajiri, nimerudi saa tatu asubuhi nimejaa vumbi, nimejilaza kwenye kochi kama mgonjwa, mama watoto ameogesha watatu, amewavalisha, amewapeleka misa, hajasema neno. Nikainuka kutafuta chai nikaona kalenda ya ukutani, ile ya duka la hadwea yenye picha ya trekta, ameandika kwa biki pembeni ya tarehe. Jumatatu adungu masaa mawili. Jumatano mbio saa moja na nusu. Ijumaa adungu masaa mawili na nusu. Jumapili mbio masaa matatu na kulala masaa mawili. Chini kapiga mstari kama ninavyopigaga mimi kwenye leja: WEWE 11. MIMI 0. Nawaambia ile sifuri iliniuma kuliko maneno, na mbaya zaidi nilikagua hesabu mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona.

Basi hatua ya kwanza ni hiyo kalenda. Msiende kununua saa ya kuhesabu kilomita, nunueni biki. Wiki mbili usibadilishe kitu chochote, andika tu masaa yako yanakwenda wapi, na mwenzako aandike ya kwake, na muwe wakweli hata kwenye simu. Mimi nilidhani nyumba ndio inanibana, kumbe kati ya saa mbili usiku na saa nne nilikuwa nimeshika simu naangalia wengine wanavyokimbia. Halafu mkae chini, kila mmoja aseme lake. Wangu alikuwa anataka kwaya, mazoezi yao ni Alhamisi jioni, alikuwa ameacha toka mtoto wa pili. Kwa hiyo Alhamisi jioni ni yake, mimi napika, posho yangu, yaani ugali, ina mabonge mpaka leo na watoto wamezoea. Ukitaka masaa matano kwa wiki mwenzako naye awe na yake, sio lazima yalingane kabisa ila isiwe sifuri.

Sasa masaa mangapi yanatosha? Hapa ndio wengi wanapotea kwa sababu tunaangalia watu wasiofanana na sisi. Joshua Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 pale Valencia mwaka 2020, halafu Paris 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki, sote tulipiga kelele. Lakini yule kukimbia ndiyo kazi yake. Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London 2012 alikuwa mtu wa Magereza, Cheptegei ni mtu wa Polisi, John Akii-Bua aliyechukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Olimpiki ya Munich 1972 naye alikuwa polisi, taasisi hizo zimebeba wanariadha wetu miaka mingi. Wewe na mimi hakuna aliyetubeba, tunabeba katoni kwanza ndio tukimbie. Ukichukua ratiba ya mtu wa Kapchorwa, kule wanakotoka wakimbiaji wetu, ukaipachika juu ya maisha ya mtu wa Kireka, wiki ya tatu utakuwa na ugoko unaouma na mke aliyenuna.

Mbio tatu kwa wiki zinatosha kumaliza 21 bila aibu, mimi nimemaliza hivyo mara nne. Moja fupi ya dakika arobaini, taratibu, kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, ukishindwa kuongea umekimbia haraka mno hata kama unajisikia vizuri. Moja yenye vilima, na Kampala vilima hakuna anayevitafuta, vinakufuata vyenyewe. Na moja ndefu ya wikendi ambayo unaiongeza polepole, dakika kumi hivi kila wiki, na kila wiki ya nne unapunguza mwili upumzike. Adungu ni mara mbili kwa wiki, dakika ishirini mpaka thelathini. Najua zinaonekana kidogo, subiri nitafika huko.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kukiona ni hiki: mbio na adungu hazigombanii mchana, zinagombania usingizi. Nilikuwa napiga adungu mpaka saa tano usiku kwa sababu nyumba imetulia, halafu saa kumi na moja alfajiri kengele inalia naamka kama mlevi, nakimbia vibaya, nafika stoo nahesabu mabati mara tatu, kila mara jibu tofauti. Siku moja nilitoa mabati kumi zaidi ya yaliyoandikwa na nikayalipia mwenyewe. Toka hapo sheria ni moja tu, usiku wa kuamkia mbio za alfajiri adungu inakaa ukutani. Sasa wiki yangu iko hivi: Jumatatu usiku adungu, Jumanne jioni mbio, Alhamisi alfajiri vilima, Jumamosi alfajiri mbio ndefu, Jumapili alasiri adungu na watoto. Jumatano na Ijumaa saa tatu na nusu nimelala, na usiniletee story za mpira.

Ile ya Jumanne jioni ndiyo nawashauri watu kuliko zote. Kutoka Industrial Area mpaka Kireka ni kama kilomita nane, na teksi, hizi basi ndogo zetu, ikikwama kwenye jamu ya Jinja Road unaweza kukaa humo saa nzima na kuku wa mtu yuko miguuni. Mimi Jumanne naacha begi stoo, nabaki na funguo, kitambulisho na nauli ya dharura kwenye kimfuko, nakimbia mpaka nyumbani na mara nyingi nafika kabla ya wenzangu waliopanda teksi. Yaani hayo masaa sijayachukua kwa mtu, nimeyaokota barabarani. Ubaya wake ni moshi, kile kipande cha Nakawa jioni ni malori na bodaboda, ndio maana nakata naingia ndani upande wa Kyambogo natokea Banda, ni ndefu kidogo ila napumua. Kesho yake asubuhi napanda teksi mikono mitupu kama waziri.

Na bosi? Mimi nilimwambia wazi, Jumanne natoka saa kumi na moja kamili, asubuhi yake nitakuwa nimeingia mapema. Akauliza hizo mbio wanalipa shilingi ngapi, nikamwambia mimi ndio nalipa kuingia. Alinicheka siku mbili lakini akakubali. Usimfiche bosi, na pia usimwambie kila kitu, adungu hajui mpaka leo. Kitu cha muhimu ni kujua wiki zako nzito kabla hazijafika. Kwangu mwisho wa mwezi ni kuhesabu stoo nzima, siku hizo tatu nne sipangi mbio wala nini, naandika kabisa kwenye kalenda STOO, ili nisijione nimeshindwa. Mwalimu ana wiki za mitihani, muuza duka ana Desemba, kila mtu anaijua yake.

Alfajiri sasa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta kwa hiyo jua halibadiliki sana mwaka mzima, linatoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, usitegemee msimu wa mwanga utakuja kukuokoa. Ukitoka saa kumi na moja na nusu ni giza. Kimbia upande wa kulia wa barabara uone kinachokuja mbele yako, maana magari yetu yanapita kushoto na ukikimbia nayo yanakujia mgongoni, na kuna bodaboda wanaopita bila taa kabisa. Vaa kitu cheupe. Simu iache au ifiche. Mimi Jumamosi nazunguka upande wa uwanja wa Namboole kwa sababu kuna watu wengine wanaofanya mazoezi na sio peke yangu na mbwa. Nikitaka kujipima naikumbuka barabara ya Northern Bypass, toka Bweyogerere mpaka Busega ni kama kilomita 21, nusu marathoni imelazwa chini pale bure, ila kuikimbia yenyewe na magari yale siwashauri, mimi naiangalia tu nikiwa kwenye gari natetemeka.

Nguo na viatu viwekwe usiku mlangoni, kimoja kimoja, pamoja na funguo. Hii sio mbwembwe. Siku nilipofungua kabati gizani kutafuta kaptula niliwaamsha wote watatu, na mbio ziliishia hapo hapo nikiwa nimebeba mtoto kwenye kaptula ya kukimbilia. Viatu mimi natoa soko la Owino, mitumba mizuri ipo lakini usidanganywe na rangi. Bonyeza soli kwa dole gumba pembeni, ikiwa ngumu kama ubao kile kiatu kimekufa hata kama kinang'aa. Kikunje, kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjikia, sio katikati. Na nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukijaribu asubuhi vitakubana kilomita ya kumi.

Upande wa adungu, au kuchora, au kushona, au chochote ulichonacho, siri ni kwamba chombo kionekane. Zamani adungu yangu ilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda na mwaka mzima niliipiga labda mara sita. Nikagonga msumari ukutani sebuleni nikaitundika, basi. Kuitoa kwenye gunia, kuifuta vumbi, kukaza nyuzi zote tisa, dakika kumi na tano zimeisha na hamu nayo imeisha. Ikiwa ukutani unaishusha, unakaza uzi mmoja au miwili iliyolegea, unaanza. Usiku watoto wakiwa wamelala nachomeka leso iliyokunjwa nyuma ya nyuzi, karibu na ngozi, sauti inakuwa ndogo kama mtu anayenong'ona, vidole vinafanya kazi ile ile. Na dakika ishirini ziwe za kitu kimoja. Usipige nyimbo zote unazojua ukajifurahisha, chukua pale unapokosea kila siku, kale kakipande ka mkono wa kushoto, rudia hako tu. Mchana kwenye teksi nasikiliza nilichojirekodi, nahesabu kwa vidole juu ya paja, ila simu isikae upande wa dirisha, wajanja wa kwenye jamu wanakujua kuliko unavyojijua.

Halafu kuna misimu. Kuanzia Agosti mpaka mbio za Novemba miguu inakula zaidi na adungu inabaki mara moja kwa wiki, Jumapili tu, ya watoto kuimba. Desemba mpaka Machi nabadilisha, mbio mbili fupi basi, na vidole vinarudi kuota sugu. Kutaka kupanda vyote viwili mwezi mmoja ni kuwagombanisha. Mvua za Septemba mpaka Novemba zinaangukia katikati ya mazoezi yetu, kwa hiyo jiwekee mapema kwamba mbio fulani zitaliwa na mvua na usizilipe kesho yake kwa kukimbia mara mbili, ndivyo watu wanavyoumia.

Na ukiumia, yale masaa usiyaache wazi. Ukiyaacha, kazi itayachukua na kuyarudisha ni vita. Mwaka juzi goti lilinikataza wiki sita. Kila alfajiri ya mbio niliamka vile vile saa ile ile, nikakaa kibarazani na adungu yangu na leso nyuma ya nyuzi, nikamaliza wimbo mzima ambao mzee wa Nebbi alinianzishia nikiwa na miaka kumi na moja. Uji nikakoroga mimi, soksi nikatafuta mimi. Nilipopona nikaweka viatu mlangoni usiku kama kawaida, mama watoto akaviangalia, akaniangalia, akauliza, "Hilo goti una hakika limepona kweli?"