Jinsi ya kuicheki tanzanite kabla hujatoa hela

Tanzanite inachimbwa Mirerani tu, pale Simanjiro mkoani Manyara, dunia nzima hakuna mgodi mwingine, ndo maana feki zimejaa kibao.

Cha kwanza, shika jiwe kwenye mwanga wa jua halafu lizungushe taratibu huku unaliangalia kila upande. Tanzanite halisi inabadilika rangi, upande huu bluu, ukigeuza kidogo zambarau, na kama haijachomwa utaona pia wekundu wa kahawia, aisee inapendeza mno! Kioo cha kupaka rangi kinabaki bluu ileile hata ukigeuze vipi, na mara nyingi ukikiangalia kwa kioo cha kukuzia unakuta vipovu vya hewa vya duara ndani.

Usishtuke ukiambiwa jiwe limechomwa, karibu zote za sokoni zimepashwa moto kwenye nyuzi 500 hivi kwenda juu ili ule ukahawia upotee, ni kawaida kabisa. Mi binafsi napenda zaidi zile ambazo hazijachomwa.

Ukishainunua itunze, maana ugumu wake ni 6 hadi 7 tu kwenye kipimo cha Mohs (1 laini kabisa, 10 almasi) na ikigongwa vibaya inapasuka. Usiifute vumbi kwa kitambaa kikavu, vumbi lina chembe za mchanga zinazokwaruza, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, basi.

Na nunua kwa mwenye leseni, dai risiti.